Harusi za Matango

Asubuhi ile baba aliniamsha kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, akaniambia nivae viatu. Sikuuliza tunakwenda wapi, maana hata yeye hakujua. Tulikuwa tumekaa Nachingwea muda wa kutosha mimi kuzoea jina la mbwa wa jirani, na nikishazoea jina la mbwa wa jirani, huwa ndio tunahama. Baba alijitwika mashine yake ya kupulizia salfa mgongoni, mimi nikabeba sufuria yenye kikombe, sabuni na kanga ya marehemu mama, tukaenda kusimama barabarani. Lori la kwanza kutusimamia lilikuwa tupu, linakwenda kupakia ufuta.

"Unaelekea wapi, kaka?" baba aliuliza.

"Ruangwa."

"Basi na sisi ni huko huko," akasema, kama vile walipatana tangu jana.

Miguu hiyo nimeirithi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekaa miji mingi kuliko wanasiasa, nikipika, nikiuza mitumba, nikishona, nikiuliza maswali. Juzi nilikuwa kwenye banda la mama lishe huko Tunduru nikisubiri wali, dada wa jikoni akakata tango karibu na pua yangu. Tango halina harufu ya kujisifia, lakini likikatwa likiwa bichi hutoa pumzi moja ya majani na maji ya kisima. Pumzi ile ilinirudisha uani kwa Bi Siwema, na wali ulipofika ukapoa mbele yangu.

Kama wewe ni wa rika langu na umekulia upande wetu, salfa huhitaji kuelezwa. Wengine wajue tu kwamba ni poda ya njano inayopulizwa kwenye mikorosho inapochanua, ili ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, usiyale maua. Msimu ukifika, mashine zinaanza kunguruma alfajiri umande ukiwa bado mzito, vumbi la njano linapanda juu ya miti, na mji mzima unanuka kiberiti mpaka kwenye chai. Baba hakuwa na mkorosho hata mmoja. Alikuwa fundi wa kupuliza mikorosho ya watu. Kazi yake ilimfaa, kwa sababu ilimtaka awe kila mahali na asiwe mtu wa mahali popote.

Ruangwa tulipata chumba kwa kuulizia sokoni. Mwenye nyumba alikuwa Bi Siwema, mwanamke aliyeachika, mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, aliyekuwa akiuza maandazi na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kila asubuhi mbele ya mlango wake. Alitutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mko wangapi?"

"Mimi na huyu binti yangu," baba alisema.

"Na hilo dude la mgongoni?"

"Hiyo ni mashine ya kazi, Bi mkubwa."

"Bi mkubwa ni mama yako. Na hilo litalala nje. Ndani mwangu hakilali kitu kinachonuka kiberiti." Kisha akainama kwangu. "Na wewe, mwanangu, hujambo?"

Badala ya kujibu nikamuuliza kwa nini mlango wake una rangi mbili, bluu juu na kijani chini.

"Bluu iliisha."

"Kwa nini hukuanzia chini, ili bluu iishie kule juu watu wasikofika?"

Bi Siwema akamgeukia baba. "Fundi, umeniletea mpangaji au hakimu?" Tangu siku hiyo baba akawa Fundi, na mimi nikawa Mama Maswali.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bafu la makuti, na maji ya kuogea yalitoka kwa mfereji mdogo mpaka kwenye kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mikeka michache. Hapo Bi Siwema alikuwa ameotesha matango. Siku tuliyofika miche ilikuwa na majani mawili mawili tu, imesimama kama watoto wanaosubiri kuhesabiwa. Alituambia kwamba kila mwaka anapanda na kila mwaka maua yanaanguka. Akibahatika hupata tango moja au mawili, yaliyopinda kama mpini wa mwavuli. "Mwaka huu nataka nile tango langu lililonyooka," alisema. "Nimechoka kula la mwenzangu la sokoni."

Jioni ile, baba akiwa kwenye kizingiti, nilimuuliza swali nililokuwa nikimuuliza kila mji.

"Baba, hapa tutakaa mpaka lini?"

Akaangaza huku na huku kama mtu anayetafuta jibu lililodondoka, macho yake yakaangukia ile miche. "Mpaka matango yale yaliwe," akasema, akaendelea na mambo yake.

Alilitupa neno lile kama mtu anayetupa ganda la muhogo. Mimi nikaliokota. Kwangu lilikuwa agizo: siku tango la uani litakapoliwa, siku hiyo tutabeba sufuria. Kwa hiyo nadhani mwaka ule nilikuwa mtu pekee Ruangwa nzima niliyemwomba Mungu matango ya nyumbani kwetu yasizae.

Nilikuwa na sababu. Kwa Bi Siwema nililala kwenye mkeka wangu peke yangu kwa mara ya kwanza. Jumamosi alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka, akinivuta nywele kwa nguvu na kunijibu maswali kwa upole, na sikuwahi kukutana na mtu aliyefanya yote mawili. Tena kulikuwa na Atanasia wa nyumba ya pili. Wazee wake walitoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, walikuwa Wakristo, na yeye alikuwa mtoto wa umri wangu mwenye uwezo wa kubishana hata na mvua. Baada ya siku chache tu tulikuwa hatuachani.

Miche ikawa mashina, mashina yakatambaa, maua yakatoka. Yalikuwa ya njano, madogo, laini, yakifunguka asubuhi na kusinyaa jioni. Kisha yakaanza kuanguka. Nilipiga magoti kila siku kuyaokota yaliyodondoka, moyo wangu mweupe. Bi Siwema alisimama pembeni yangu mikono kiunoni.

"Maua mazuri hivi, kazi yao kupendeza tu! Yamenikumbusha shemeji zangu."

Baba alikuwa amerudi kutoka mashambani, njano kuanzia nyusi mpaka magoti. Nafikiri alitaka kumfurahisha mwenye nyumba. Akachuchumaa, akageuza ua moja kwa kidole kama daktari.

"Huu ni ubwiriunga," akasema. "Ua bila salfa halizai."

Usimcheke haraka. Mikorosho ndiyo iliyotufundisha upande ule maana ya ua. Mtoto yeyote wa kwetu angekuambia hivyo hivyo: hakuna salfa, hakuna korosho. Hata Bi Siwema alitikisa kichwa kukubali, akasema kweli, hajawahi kuyapa. Baba akatia salfa kwenye soksi kuukuu na kuitikisa juu ya matango taratibu, shina kwa shina, kwa heshima zote. Mimi nilisononeka. Niliona sasa yatazaa.

Jua la mchana lilipopanda, majani yakaanza kujikunja. Siku ya pili kingo zake zilikuwa kahawia. Siku ya tatu tuliamshwa na sauti ya Bi Siwema iliyowaamsha na majirani pia.

"Fundi! Njoo uone! Umenikaangia matango!"

Baba alitoka na msuli, akatazama, akakuna kichwa. "Yatapona."

"Yatapona! Si yamekuwa kama karatasi ya kufungia maandazi? Shika hili jani, shika! Lina mlio!"

Mama Atanasia alichungulia juu ya ua wa makuti, akauliza ni nini kimeungua. "Ni bustani yangu, shoga," Bi Siwema alimjibu. "Nimepangisha chumba kwa moto." Wanawake wawili wale walicheka mpaka wakashikana kupitia makuti, na baba naye, baada ya kusimama kidogo kama nguzo, akacheka.

Ila baada ya kucheka alifanya jambo nisilolitegemea. Aliomba msamaha, akakata majani yaliyoungua, akaenda kuomba samadi kwenye banda la mbuzi la jirani, akatandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie. Kila jioni alimwagilia kwa kikombe, chini kwenye mizizi, akijihadhari maji yasiguse vitumba vya maua. Nilizoea kumwona baba akitunza vitu vya kuondokea: kamba, mikanda, nati za mashine. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kitu kisichobebeka.

Matango hayakufa. Machipukizi mapya yalitoka ubavuni mwa mashina, na maua yakaja kwa wingi kuliko mwanzo. Asubuhi moja Atanasia akanivuta mkono.

"Tazama! Hili limebeba mtoto!"

Kweli. Nyuma ya ua lile, pale linapoungana na shina, kulikuwa na kitango kidogo mno, chenye miiba laini, kama mtoto aliyefungwa kwa kanga mgongoni. Tukatafuta, tukaona maua ya aina mbili. Machache yalikuwa na mtoto nyuma. Mengi yalikuwa na kijiti kitupu. Tulimkimbilia Bi Siwema, aliyekuwa akigeuza maandazi kwenye mafuta.

"Hayo matupu ni madume," alisema bila kugeuka. "Si ndivyo na maboga? Ukichuma maua ya mboga unachuma madume, majike unayaacha yazae. Ondokeni hapa, mtaungua."

Madume na majike! Wasichana wawili wa umri ule, ukiwapa habari kama hiyo, watafanya nini? Watafanya harusi.

Tuligombana kwanza. Atanasia alitaka ya kanisani, kwa sababu binamu yake alikuwa amefunga ndoa hivi karibuni na shela lake lilikuwa halijamtoka kichwani. Mimi nilitaka sheikh, mkeka na udi. Yeye alisema bila padri tango halitakubali. Mimi nikasema tango ni la Bi Siwema, na Bi Siwema anaswali. Mwishowe tukagawana mashina: yaliyo upande wa bafu yakawa Wakristo, yaliyo upande wa jiko yakawa Waislamu. Katika jambo moja tu hatukubishana, nalo ni nani amfuate mwenzake. Kwao na kwa majirani wote, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa kina mke, anajenga huko, analima na mkwe. Kwa hiyo tulimchuma bwana harusi, tukampeleka kwa bibi harusi.

Tatizo lilikuwa mlangoni. Bwana harusi alikuwa na kanzu pana ya njano, haingii. "Mvue," Atanasia akaamuru, "mtu hakai kwa mkewe na kanzu ya harusi." Tukachambua majani yake ya njano moja moja mpaka kikabaki kichwa kidogo chenye unga. Tukamwingiza taratibu ndani ya bibi harusi, tukamzungusha amsalimie kila mtu wa nyumba ile, kisha tukapiga vigelegele kwa nguvu zetu zote.

"Kuna nini huko uani?" Bi Siwema akauliza kutoka mbele.

"Harusi!"

"Ya nani?"

"Ya tango!"

"Na pilau iko wapi?"

Kila asubuhi tulifungisha ndoa, kabla jua halijakausha unga wa mabwana harusi. Mabibi harusi tuliwavalisha mikufu ya uzi uliofumuliwa kwenye sweta bovu, mwekundu kwa wa kanisani, kijani kwa wa msikitini, tuwatambue wasije wakaolewa tena.

Basi siku moja nikainama kuokota maua yaliyodondoka kama kawaida yangu, nikaona. Yaliyokosa mkufu, vitoto vyao vilikuwa vimegeuka njano na kusinyaa. Yenye mkufu, vitoto vilikuwa vimenenepa. Kimoja kilishafika urefu wa kidole changu cha kati, kijani kibichi, kinang'aa.

Atanasia aliruka juu. Mimi nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimeianzisha safari yetu kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ni vigelegele!" Atanasia alisema. "Vinamwamsha mtoto tumboni."

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Ningesema harusi zimenichosha, tukacheze rede, na labda yale machache yangedumaa. Nilijua hivyo kabisa. Nilikwenda kulala na uamuzi huo. Lakini swali likanikaa kichwani kama chawa. Ni vigelegele kweli? Mbona wa kanisani na wa msikitini wote wamenenepa? Ni uzi? Ni ule unga? Alfajiri nilikuwa uani kabla ya Atanasia. Nilifungisha ndoa moja kimya kimya, bila sheikh, bila padri, bila kigelegele, bila mkufu, nikatia alama kwa kijiti. Kisha nikachagua bibi harusi mwingine, nikamfunika kwa kitambaa, na kila asubuhi nikampigia vigelegele mpaka koo likauma, ila bwana harusi sikumpa.

Yule wa kimya alinenepa. Yule wa vigelegele alisinyaa.

Nilimwonyesha Atanasia. Alivitazama vyote viwili muda mrefu, akasema huenda vigelegele vyangu ni vibovu. Lakini mimi nilishajua ni unga, na kujua kule kulinipa furaha ambayo sijaipata tena mara nyingi, na huku nalia. Nadhani siku zile ndipo nilipojitambua ni mtu wa namna gani. Nikipewa kuchagua kati ya kukaa na kujua, nitachagua kujua, kisha nitalia.

Nikabaki na swali jingine, nikalipeleka mezani wakati wa ugali. Kama ni unga tu unaotakiwa kuhama, miaka yote nani huwa anauhamisha kule kwingine matango yanakozaa?

"Nyuki," Bi Siwema akasema. "Nani mwingine?"

"Mbona hapa hawaji?"

Sote wawili tukamtazama baba, mimi na Bi Siwema. Baba akaacha kutafuna. Mji mzima ulikuwa unapulizwa, mikorosho ya mtaa wetu yote ilikuwa njano, na jioni yeye mwenyewe alikuwa analileta lile vumbi linalofukuza nyuki, mwilini na kwa maji yake ya kuoga, mpaka kwenye mizizi ya matango.

"Kumbe," Bi Siwema akasema polepole, "mwizi wa matango yangu ninamlisha."

Kuanzia hapo baba alioga kwa jirani kabla ya kuingia uani, na nguo za kazi akaziacha kwenye uzio wa barabarani pamoja na mashine. Tena akaanza kushiriki harusi. Alirudi kutoka shambani mapema, akaja akiwa amenyoa, na Atanasia akampa cheo cha mshenga. Kazi yake ilikuwa kuleta mabwana harusi kiganjani bila kuwapukutisha unga. Asubuhi moja Bi Siwema naye alikuja kutazama, akasimama na kijiko chake cha kuepulia maandazi.

"Umeona, Fundi? Ua la kiume halina mguu hata mmoja, na bado linahamia kwa mke likakaa. Wewe una miguu miwili mizuri, na kazi yake ni kuondokea tu."

Baba akafungua mdomo. Kiganja nacho kikafunguka.

"Mshenga!" Atanasia akapiga kelele. "Umemwangusha bwana harusi!"

Tulimtafuta kwenye nyasi, hatukumpata. Bi Siwema alirudi kwenye maandazi akiimba.

Msimu wa salfa ukaisha. Maua ya mikorosho yakawa vijikorosho, mashine zikanyamaza mji mzima, baba akaipaka yake mafuta na kuifunga kwenye gunia. Hewa ikasafika, nyuki wakaanza kuja, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi, na kazi yetu wakaichukua bila kutuaga. Kile kitango cha kwanza sasa kilikuwa tango zima, limenyooka, lina uzito mkononi. Bi Siwema alilichuma asubuhi likiwa bado na baridi ya umande. Alilikata kwa mviringo kwenye sinia, akanyunyiza chumvi, pilipili ya kusaga na maji ya ndimu, tukakaa wote barazani. Atanasia alikula kama mtu aliyeambiwa litaondolewa. Baba akala. Bi Siwema alitafuna kipande cha kwanza macho yamefumbwa, akasema, "Hili silo la sokoni."

Mimi nilifumba mdomo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kama mmoja wetu hajala, basi halijaliwa.

"We Mama Maswali, kula," Bi Siwema alisema, akanisukumia kipande mdomoni kama mtoto mdogo. Nikakiweka shavuni. Machozi yakaanza kushuka.

"Pilipili?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa unamlilia nani?"

Ikabidi niseme, na kipande kile shavuni. Nilisema kwamba baba alisema tutakaa mpaka matango yaliwe, na sasa yameliwa, na mashine iko kwenye gunia.

Atanasia akarudisha kipande kwenye sinia.

"Nilisema hivyo?" baba akauliza.

"Ulisema. Siku tuliyofika."

"Ah, mwanangu. Yale maneno tu."

"Maneno yako mtoto amelala nayo msimu mzima, Fundi," Bi Siwema alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza. "Sema mengine basi."

Baba akatazama uani. "Yale mengine je, yaliyobaki? Yasipochumwa mapema mashina yataacha kuzaa. Na kumwagilia..."

"Usinijibu kwa matango."

Baba akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Nikikaa, nakaa kama nani? Kama mpangaji?"

"Kama mpangaji umeshakaa." Bi Siwema alichukua sinia, akalipanguza, akaliweka chini tena. "Mimi simfuati mtu barabarani, kwetu hatufanyi hivyo. Anayenitaka anakwenda kwa mama yangu Mandawa. Anaonekana, anapewa pa kulala, analima naye, anajenga. Kama hawezi, barabara ipo palepale, haijahama."

Baba alinigeukia mimi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba kuazimwa kitu. "Unasemaje, Mama Maswali?"

Nilitafuna kile kipande cha shavuni nikakimeza, wote wakiniangalia. Bi Siwema akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Atanasia hakupoteza muda. Alipiga kigelegele mpaka mama yake akachungulia tena juu ya makuti kuuliza kama kuna kilichoungua.

Mandawa tulikwenda siku za kusafisha mashamba, kabla ya mvua. Tulipanda tela la trekta mpaka barabara ilipoishia kwenye vumbi jekundu, kisha tukatembea kati ya mikorosho, Bi Siwema mbele, baba katikati amebeba gunia la mchele kwa ajili ya mkwe, mimi nyuma nikiuliza kila mti ni wa nani. Nilitegemea nyumba kubwa. Tulikuta nyumba ya udongo iliyonyooka, uwanja uliofagiwa ukaacha mistari ya ufagio, na bibi mmoja mwembamba amekaa kwenye kinu kilicholazwa, akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama," baba alisema, akachuchumaa mpaka chini.

"Marahaba." Kisha bibi akaendelea kwa Kimwera, maneno mengi, bila kuacha kumenya. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha sokoni.

"Anauliza kama unajua kulima," Bi Siwema akatafsiri, "au unajua kupuliza tu."

"Mwambie nitajifunza."

Bibi alisikia, akasema neno fupi.

"Anasema wa kujifunza anao wajukuu."

Baba alicheka, na bibi alipomwona anacheka akacheka naye, akaweka kisu chini. Aliinuka, akanishika kichwa kwa mkono wenye unga wa muhogo, akanipeleka kwenye chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha kuhifadhia ufuta. Magunia yalisukumwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake mkeka mpya ambao ukindu wake ulikuwa bado unanukia. Alipiga kitanda kwa kiganja, mara mbili, kuonyesha ni imara. Hapo ni pangu na Bi Siwema. Baba angelala kwa kaka yake Bi Siwema, nyumba ya jirani, mpaka nyumba yake itakaposimama.

Tulipotoka, bibi alimwonyesha baba kipande cha uwanja kando ya nyumba yake, kimepaliwa tayari. Ina maana walikuwa wanamtegemea kabla hajafika. Baba alivua shati. Alipima kwa hatua, huku na huku, akachora mstari mchangani kwa kisigino, akaufuta, akauchora tena mrefu zaidi. Niliona anafikiria kwa uso mzima. Vyumba vyote tulivyowahi kupanga, yeye alikuwa mtu wa kukaa mlangoni akitazama barabara, hata chakula alikila akiwa ameigeukia.

"Siwema," akasema, "muulize mama, mlango uelekee wapi?"

Bibi hakungoja tafsiri. Alinyoosha kidole kwenye mlango wake mwenyewe, ule uliokuwa wazi nyuma yake.

"Huku," alisema kwa Kiswahili. "Nikuone."